Trotineti ya mbao: kitu cha mtoto chenye hakiandikwe kwenye karatasi ya kuhama



Wakati mgodi unakaribia nyumba za watu na familia zinapashwa kuhama, kuko watu wanapita lupango kwa lupango na karatasi. Wanahesabu vyumba, mabati, milango, choo, kisima. Wanahesabu miti: miembe ngapi, avoka ngapi, ndizi ngapi. Ile ni haki, na sisi wa sendika tunasukuma kila siku ili wahesabu vizuri, maana mwembe wa miaka 20 hauna bei moja na mche uliopandwa jana.

Lakini ndani ya nyumba kuko vitu vyenye hakuna mstari wao juu ya karatasi. Leo tunataka kuongea juu ya kimoja tu: trotineti ya mbao ya mtoto. Mtu atacheka, aseme: sendika imekosa kazi? Bei ya kobalti inapanda na kushuka, watu wa sous-traitance wanalipwa vibaya, na ninyi munatuletea mambo ya michezo ya watoto? Tunaomba mutusome mupaka mwisho. Njia yetu itapita mbali kidogo, kwa Waholandi, kisha itarudi hapa kwetu.

Mbao na chuma

Kwanza tukumbushane ile trotineti ni nini, maana vijana wa leo wenye kukulia karibu na telefone hawaijue wote. Ni mbao mbili. Moja inalala chini, ni ya kukanyaga. Ingine inasimama mbele, juu yake kuko kipande cha mti cha kushika kwa mikono. Mbao hizo mbili zinaunganishwa na waya ngumu ao buloni ili ile ya mbele iweze kugeuka. Chini, mbele na nyuma, kunawekwa rulema, kile chuma cha mviringo chenye vidonge vya chuma ndani, chenye kinasaidia mashini izunguke bila kusuguana. Nyuma unapigilia kipande cha mpira wa gurudumu la motoka: mtoto akikanyaga, inakuwa freni.

Hapa kwetu rulema haikukosa. Mji wa migodi ni mji wa vitu vya kuzunguka: mikanda ya kubebea mawe, mapompi, moteri, vilori vikubwa. Rulema ikianza kucheza ndani ya mashini, mekanisie anaitoa, maana ikivunjika juu ya kazi itaharibu moteri nzima. Kwa mashini imekwisha. Lakini kwa mtoto wa kilo 25 ingali na miaka mingi ya kutembea. Ndiyo maana katika kambi za Gécamines, Musonoi, Kapata, Luilu, kitu chenye kilikufa mu ateliye kilifufuka mu avenue.

Kazi ngumu ilikuwa ekseli. Mti wa ekseli ulichongwa na kisu mupaka uingie ndani ya tundu la rulema kwa nguvu. Ukichonga sana, rulema inatoka njiani na mtoto anaacha ngozi ya goti juu ya goudron. Ukichonga kidogo, mbao inapasuka. Tena wakati wa mvua mti unavimba, wakati wa kiangazi unakauka na kulegea. Mtoto wa miaka 9 alijifunza ile yote bila mwalimu: mbao inapumua, chuma haipumue. Zaidi ya mmoja kati yetu alianza ufundi wake pale, mbele ya kushika ufunguo wa kampuni.

Wasichana nao hawakukaa pembeni. Ile habari ya kusema trotineti ni ya wavulana tu si kweli. Dada mkubwa ndiye mara nyingi alisukuma wadogo, na wakati mama alimutuma kwa unga, trotineti ilikwenda naye.

Waholandi na patini zao

Sasa twende kwa Waholandi. Inchi yao iko chini, imejaa maji: mito, maziwa na mifereji yenye kuchimbwa na watu. Sisi huku Kolwezi tuko juu, zaidi ya mita 1,400, na mwezi wa 6 na wa 7 tunajua mupepo wa usiku. Lakini kwao baridi ikikaza siku nyingi, maji ya mfereji inakuwa ngumu kama saruji na mtu anaweza kutembea juu yake. Zamani, wakati mashua ilishindwa kupita, watu walivaa patini na barafu yenyewe ikawa barabara: kwenda soko, kwenda kanisa, kwenda kuona ndugu.

Patini ya zamani ilikuwa namna gani? Mbao yenye umbo la wayo wa kiatu. Chini ya ile mbao, fundi alichonga mfereji mwembamba na kutia ndani yake chuma kirefu, chenye ncha kupanda mbele kidogo. Mtoto hakuvua kiatu. Alifunga mbao chini ya kiatu chake na kamba ao mikanda ya ngozi. Kwa sababu ya ile kamba, patini moja iliweza kutumika miaka mingi: mguu ukikua, kiatu kinabadilika, mbao inabaki. Kisha inakwenda kwa mdogo wake, kisha kwa mdogo wa mdogo wake. Kwa kujifunza, mtoto alipewa kiti cha jikoni. Anakishika kwa mgongo wake na kukisukuma mbele juu ya barafu, hivi haanguki sana.

Mu jimbo la Friesland, kaskazini mwa ile inchi, kazi hii ilikuwa ya mafundi wa mbao na wahunzi wa vijiji. Mu mji mdogo wa IJlst, kuanzia 1865, familia Nooitgedagt ilifungua ateliye yenye ilikuja kuwa fabrike: ilitengeneza randa na vyombo vingine vya seremala, patini, na michezo ya watoto ya mbao. Fabrike moja, mbao ileile, kwa baba wa kazi na kwa mtoto wake. Mu mji wa Hindeloopen kuko hata mize ya patini. Na mtu akitaka kuona watu wakiteleza zamani sana, wakubwa kwa wadogo, aangalie picha za Hendrick Avercamp, mchoraji wa miaka ya 1600. Moja ya zile kubwa iko Amsterdam, mu Rijksmuseum: tajiri, maskini, mtoto, wote juu ya barafu moja.

Tuseme na hii, maana inatugusa sisi watu wa kazi. Baridi ilikuwa sikukuu kwa mwenye kuwa na chakula ndani ya nyumba. Kwa mfanya kazi wa mashamba, barafu ilikuwa shomaji: udongo umekuwa ngumu, hakuna kulima, hakuna mshahara. Wengine walishika fagio na kufagia theluji juu ya barafu ili wenye patini wapite vizuri, kisha walinyoosha mkono kupata vikuta. Na vyama vya patini vilipanga mashindano yenye watu bila kazi walikimbilia zawadi ya chakula. Ile picha nzuri ya kupachika ukutani, ilikuwa na mtu wa fagio pembeni. Tusimsahau.

Kwa nini wanazitunza

Leo hakuna mtoto wa Uholanzi anayeenda masomo na patini ya mbao. Ziko za viatu vya kisasa. Tena baridi yenyewe imepunguka. Kuko mashindano yao makubwa yanaitwa Elfstedentocht, safari ya karibu kilometre 200 yenye kupita miji 11 ya Friesland kwa siku moja. Barafu inapashwa kuwa na unene wa santimetre 15 kwa njia yote. Yalianza 1909, yakafanyika mara 15, na ya mwisho ilikuwa tarehe 4 Januari 1997. Tangu pale barafu haikufikia tena. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekwisha kuwa mtu mzima, hajayaona hata mara moja.

Sasa, kitu chenye hakina kazi tena, kwa nini familia nyingi zinakitunza? Unakipata juu ya ukuta, ao ndani ya sanduku chini ya paa, na kamba yake yenye kukauka. Si kwa sababu ya bei. Mara nyingi patini kama ile ukiiuza haikupatie feza ya maana. Wanaitunza kwa sababu inaonyesha kipimo cha mguu wa babu wakati alikuwa mtoto. Mjukuu anaweka mguu wake juu ya ile mbao na anajua: huyu mzee alikuwa kama mimi, alianguka kama mimi, kulikuwa mtu alimufungia kamba. Kitabu cha historia hakiweze kufanya vile.

Na kuko sababu ingine, yenye watu wanasahau: nyumba yao ilibaki. Ili kitu kidogo kifike miaka 80, kinahitaji ukuta wa kutundikiwa wenye haubomolewe.

Kwetu nyumba haikutulia

Hapo ndipo sisi tunapashwa kujiangalia. Wengi wanasema: muntu mweusi hatunze vitu. Ni uongo. Katika Katanga hii, misalaba ya shaba iliwekwa ndani ya makaburi karne nyingi mbele ya Union Minière kuzaliwa mu 1906. Wenye kuchimba Sanga, kando ya ziwa Kisale, mu 1957 na 1958, waliikuta pamoja na vyungu, na watu wake walikuwa wangali wamelala nayo. Watu wetu walijua kutunza. Kilichokosa ni kutulia.

Hesabu na sisi. Wakati wa Union Minière, nyumba ya kambi ilikuwa ya kampuni. Kazi ikiisha, nyumba inaisha. Mei 1978 vita viliingia Kolwezi, watu wakakimbia na mikono tupu. Mu 1993 majirani wetu wenye asili ya Kasai, wenye walizaliwa hapa na kufanya kazi na wazazi wetu, walifukuzwa; walilala gare siku nyingi kungojea treni, na wengi walikufa njiani. Nani alikuwa na nafasi ya kubeba trotineti ndani ya vagon? Wale watoto waliacha vitu vyao kwetu, na sisi tuliobaki tulibaki na avenue zenye kunyamaza. Tunalisema waziwazi, maana kuitunza historia ni kuitunza yote, si vipande vyenye kupendeza tu.

Wakati ule Gécamines yenyewe ilikuwa inaanguka. Mu 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mu 1993 haikufika hata 50,000. Mu 2003 wafanya kazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile iliitwa départ volontaire. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu, kilitoka 2001, chenye jina lake peke linatosha: Bana Shaba abandonnés par leur père. Watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni nani, kila mtu wa hapa anajua.

Halafu ikaja kobalti. Mu 2014 mu kartie ya Kasulo watu walikuta minerai chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba mashimo ndani ya lupango, ndani ya vyumba hata. Mu 2017 sehemu yake ikazungushiwa ukuta, na mamia ya familia wakahama. Hivi sasa kuko makartie ingine ya mji yenye mgodi unayakaribia kila mwaka. Babu alihama, baba alihama, mtoto naye anafunga mizigo. Njo maana hatuna vitu vya zamani ukutani. Si moyo ulikosa.

Kipimo cha mtoto

Kuko neno moja kubwa zaidi ndani ya hii habari. Patini ya mtoto na trotineti ya mtoto zinafanana kwa kitu kimoja: zilitengenezwa kwa kipimo chake. Mtu mkubwa alikaa chini, akaangalia ule mguu mdogo, akakata mbao kulingana nao.

Mfuko wa minerai haujue kipimo cha mtoto. Mukoba unapimwa kwa kilo za muuzaji. Maji ya kusafishia mawe hayajue kama ngozi ni ya miaka 10 ao ya 40. Shimo halijue umri.

Goma, mu Kivu ya Kaskazini, watu wako na chukudu, trotineti kubwa ya mbao ya mti mgumu, yenye kubeba viazi, makala na mbao kutoka mashambani mupaka mjini, mizigo ya mamia ya kilo. Walijenga hata sanamu yake ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na wako na haki ya kujivuna: familia nyingi zimekula kwa ile mbao. Chukudu ya mtu mzima ni kazi, nayo ni kazi ya heshima. Lakini hata Goma, kuko chukudu kidogo ya mtoto kuchezea. Siku mtoto anaacha ile ndogo na kuwekwa nyuma ya ile kubwa kusukuma, kitu kimevunjika ndani ya nyumba.

Huku kwetu ni paka vile. Tunaona watoto juu ya baiskeli, ile kinga ya baba, wakisukuma mizigo yenye inawashinda urefu. Tunaona wengine kwenye mito wakisafisha mawe. Hatuwatukane wazazi wao. Baba bila kazi na mama mwenye watoto sita hawahitaji hotuba. Lakini sheria iko, na ni yetu: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kazi za hatari kwa mwenye hajafika miaka 18. Na mkataba wa dunia juu ya haki za mtoto, wenye inchi yetu ilikubali mu 1990, unasema mu kipengele cha 31 kama mtoto ana haki ya kupumzika na ya kucheza. Kucheza. Iliandikwa kama haki, pamoja na masomo na dawa. Mtu asituambie ni mambo ya bazungu. Wazee wetu waliochonga ekseli za mbao hawakungojea mkataba.

Basi tufanye nini?

Sendika haipendi kusema bila kufanya. Tuko na mambo matano ya kuomba.

Ya kwanza, kwa familia zenye zitahamishwa: musingojee mtu wa karatasi. Muandike wenyewe orodha ya vitu vyenu, vyote, hata vile havina bei: kiti cha babu, kinu cha mama, trotineti, picha za kazi, kofia ya mgodi. Mupige foto kwa telefone, mubaki na kopi kwa ndugu wa mji mwingine.

Ya pili: Règlement minier ya 2018, mu annexe XVIII, iko na kanuni juu ya kuhamisha, kulipa na kukalisha upya watu. Muombe isomwe mbele yenu mu Kiswahili, mstari kwa mstari, mbele ya kutia sinyatire. Na muombe usafirishaji wa mizigo uwe na siku za kutosha na motoka za kutosha. Familia yenye kupewa lori moja na saa mbili itabeba kitanda na sufuria, itaacha mengine yote.

Ya tatu, kule mahali pa kuhamia kuwe avenue yenye mtoto anaweza kusukuma kitu cha kuzunguka, na kiwanja. Tumeona nyumba mpya zenye mabati mazuri, lakini njia ni changarawe na vumbi, na motoka nzito zinapita mlangoni. Kwenye mazungumzo na kampuni, ile iandikwe, si kuachwa kwa huruma.

Ya ine, kwa mafundi wetu, mekanisie, ajusteri, seremala, walio kazini na walio pensheni: mukae na watoto siku ya Mungu kisha misa ao ibada, muwaonyeshe namna ya kuchonga ekseli. Mbao mbili na rulema mbili yenye imetupwa. Mtoto mwenye anajua kwa nini chuma inazunguka, kesho ataweza kusimama mu ateliye bila kuogopa.

Ya tano, kwa masomo na kwa viongozi wa mji. Lubumbashi, tangu mwaka 2000, watu wa chuo kikuu walianzisha mradi Mémoires de Lubumbashi, kukusanya kumbukumbu za wenye mji wenyewe: maneno yao, nyimbo zao, vitu vyao. Kolwezi imetoa shaba na kobalti kwa dunia nzima na haina bado nyumba ya namna ile kwa vitu vya wafanya kazi wake. Chumba kimoja kinatosha kwa kuanza. Waalimu waombe kila mtoto alete kitu kimoja cha zamani cha nyumba yao, kwa siku moja tu, na aeleze ni cha nani.

Kama uko na trotineti ya zamani, motoka ya waya, ao kitu chochote chenye baba ao dada mkubwa alikutengenezea mu kambi, usikitupe wakati wa kuhama. Andika chini yake jina la aliyekitengeneza na mwaka. Kalamu ya kawaida inafutika, tumia msumari.